Kufundisha Kijapani Nairobi kwa Pesa za Watu

Kenya hii mtu husikia Kijapani kabla hajajua kuwa ni Kijapani. Ukiwasha gari lililoletwa kwa meli kutoka Yokohama, mwanamke aliyejificha ndani ya dashibodi anakuarifu kwa adabu kuwa kadi ya ETC haijaingizwa. ETC ni mfumo wa kulipia barabara kuu za kwao. Huku hauna kazi yoyote, lakini mama wa watu hachoki, kila asubuhi anakumbusha. Wanafunzi wangu wapya humwigiza vizuri kabla hawajaandika hata herufi moja. Na zile vani zenye jina la shule ya chekechea au kiwanda cha tofu ubavuni, ambazo hakuna aliyeona haja ya kuzipaka rangi upya, ndizo kitabu chetu cha kwanza cha kusomea. Nawaambia: nendeni mjini, pigeni picha za magari, mje tusome. Wiki inayofuata wanarudi na katakana, aina mojawapo ya herufi za Kijapani, za kututosha mwezi mzima.

Zoezi hilo halijawahi kugharimu senti ya mfadhili. Nalitaja mapema kwa sababu kila anayenijia kuulizia ruzuku za Kijapani huanza na orodha ya vitu asivyokuwa navyo: hana vitabu, hana projekta, hana mgeni kutoka Tokyo. Sijaona mfadhili aliyeguswa na orodha ya aina hiyo. Linalowagusa ni darasa ambalo lipo tayari, linakutana kila Jumamosi mvua inyeshe au jua liwake, na lina watu ndani yake.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Kijapani nilikipata kupitia utalii, enzi zile kampuni za safari zilipokuwa zikigombania waongozaji wanaoweza kumweleza mgeni wa Osaka tofauti ya chui na duma kwa lugha yake mwenyewe. Utalii ulipoyumba nikahamia darasani Nairobi, na tangu hapo nimekuwa nikiishi kwa karo za wanafunzi, huku vitabu, mafunzo na mashindano vikija kwa ruzuku za Japani. Nimejaza fomu zangu na nimewasaidia wengine kujaza zao. Jambo moja nililolielewa polepole ni kwamba pesa hizi zina mwenyewe, na mwenyewe ana sababu zake za kuzitoa ambazo hazikuanza na wewe wala mimi. Ukizijua sababu hizo, pesa zitakufaa. Usipozijua, utakaa ukijiuliza mbona zimekuja juzi na leo zimekatika.

Kwanza mtu ajue anabisha mlango upi. Watu husema "Wajapani wanatoa pesa" utadhani Wajapani wote wana mfuko mmoja. Japan Foundation ni taasisi ya serikali yenye kazi tatu: sanaa na utamaduni, ufundishaji wa Kijapani nje ya nchi, na masomo ya kitaaluma kuhusu Japani. JICA ni shirika la serikali yao la misaada ya maendeleo, na ndilo inayoleta wale vijana wa kujitolea ambao Kenya imekuwa ikiwapokea tangu 1966. Wizara yao ya elimu, MEXT, ina ufadhili wa kusoma vyuo vikuu vya kwao, nao huombwa ubalozini. Wizara ya Mambo ya Nje ina msaada wake wa utamaduni, na huo huelekea kwenye vifaa: maabara za lugha, ala za muziki, mikeka ya judo. Halafu kuna Nippon Foundation, ambayo kwa jina mtu anaweza kuapa ni ileile Japan Foundation. Sivyo. Hiyo si ya serikali, ilianzishwa 1962, na chimbuko la pesa zake ni kamari ya mashindano ya motaboti. Nimewahi kuletewa maombi niyapitie, yameandikwa vizuri, yana kurasa nyingi, yamepelekwa kwa moja huku yakisifu kazi za nyingine. Hayo hayakuhitaji kungojewa majibu.

Nilipata bahati ya kuchaguliwa kwenda mafunzo ya walimu katika taasisi ya lugha ya Japan Foundation iliyoko Urawa, mkoa wa Saitama, kaskazini kidogo mwa Tokyo. Taasisi hiyo ilifunguliwa 1989 kwa ajili yetu sisi walimu wa kigeni. Kuna nyingine upande wa Osaka, karibu na uwanja wa ndege wa Kansai, iliyofunguliwa 1997, na huko huenda zaidi wanadiplomasia, watafiti na wanafunzi. Urawa unalala hapohapo, unakula hapohapo, na maktaba iko ngazi chache tu kutoka chumbani. Darasani mwetu kulikuwa na mwalimu wa Uzbekistan, wa Mongolia, wa Vietnam, wa Brazil. Mimi nilikuwa Afrika nzima. Kila mjadala ulipofika "na hali ikoje Afrika?", macho yote yalinigeukia, nami nikawa nasemea Dakar na Antananarivo ambako sijakanyaga.

Jirani yangu wa dawati alitoka Indonesia. Siku moja tulikuwa tukilinganisha shule zetu. Kwao Kijapani kinafundishwa shule za sekondari, na kwa hesabu ya Japan Foundation ya mwaka 2021 nchi hiyo ilikuwa na wanafunzi wa Kijapani zaidi ya laki saba, ikitanguliwa na China peke yake. Dunia nzima mwaka huo walihesabiwa wanafunzi wapatao milioni 3.8. Kisha akanieleza kuhusu Nihongo Partners, mpango ulioanza 2014 wa kuwapeleka Wajapani wa kawaida, vijana kwa wastaafu, wakakae madarasani Kusini-Mashariki mwa Asia kumsaidia mwalimu. Nikauliza kama Afrika nayo imo. Akacheka, si kwa dharau, akasema, "Sensei, ninyi bado hamjawatia wasiwasi."

Nililichukulia kama utani mpaka nilipoingia maktaba. Japan Foundation ilianzishwa Oktoba 1972, Takeo Fukuda akiwa ameshinikiza jambo hilo alipokuwa waziri wa mambo ya nje. Mwaka uliotangulia Marekani ilikuwa imetangaza kwamba rais wake, Nixon, atakwenda Beijing, na Tokyo ikaarifiwa dakika za mwisho, ilhali ilijiona mshirika wa karibu kuliko wote. Japani ikagundua kwamba inauza redio na magari dunia nzima lakini haina wa kuielewa. Januari 1974 waziri mkuu Tanaka akafanya ziara Bangkok na Jakarta, akapokewa kwa maandamano dhidi ya bidhaa na kampuni za Kijapani. Jakarta yaligeuka ghasia, magari yakachomwa, watu wakafa. Mwaka 1977 Fukuda, sasa akiwa waziri mkuu, akaenda Manila kuahidi uhusiano wa moyo kwa moyo. Ukiisoma historia hiyo kwa mfuatano, huhitaji mtu wa kukueleza kwa nini kitabu cha Kijapani ni rahisi kupatikana Jakarta kuliko Kisumu. Pesa ilikwenda kulikokuwa na hofu.

Afrika mlango wetu umekuwa TICAD, mkutano wa Japani na nchi za Afrika ulioanza 1993. Ule wa Agosti 2016 ulifanyika Nairobi, wa kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika, na mwalimu yeyote wa Kijapani aliyekuwepo atakumbuka jinsi tulivyopendwa msimu ule. Ngoma za taiko, wakalimani, maonyesho, simu za watu wanaotaka "vijana kumi wanaojua Kijapani kufikia Ijumaa". Mkutano ukaisha, wageni wakapanda ndege, sisi tukarudi kwa magari yetu na katakana.

Turudi kwenye fomu, maana hapo ndipo watu wengi huangukia.

Mwaka wa fedha wa Japani huanza 1 Aprili na kufungwa 31 Machi, na kila kitu hufuata hapo. Matangazo ya ruzuku hutoka majira yao ya vuli, maombi hufungwa kuelekea mwisho wa mwaka, majibu huja karibu na Aprili, na shughuli iliyofadhiliwa lazima ifanyike na kuhesabiwa kabla mwaka huo haujafungwa. Kwa hiyo mwalimu wa Nairobi anaomba Novemba pesa za jambo ambalo pengine atalifanya Oktoba ijayo. Kufikia siku hiyo ukumbi umepandisha bei. Shilingi si ile iliyoandikwa kwenye bajeti. Mwanafunzi uliyemtegemea awe mshereheshaji kapata kazi Doha. Nimejifunza kuandika bajeti ambayo kila kifungu kinaweza kusimama peke yake, ili kimoja kikianguka visianguke vyote, na kuweka shughuli katikati ya mwaka wao wa fedha, mbali na Machi. Machi haina huruma. Shughuli iliyosogezwa kutoka Februari kwenda Aprili, kwa mhasibu wa Tokyo, ni shughuli ambayo haikufanyika.

Pili, Japan Foundation haina ofisi hapa. Ofisi zake ziko katika nchi zipatazo 25, na barani Afrika ni moja tu, Cairo. Sisi wengine tunapitia ubalozi, na wa kwetu uko Mara Road, Upper Hill, pamoja na kituo chake cha habari na utamaduni. Hapa kuna jambo ambalo haliandikwi kwenye mwongozo wowote. Afisa wa utamaduni anayetoka Japani hukaa miaka michache, akishazoea anahamishiwa Lima au Warsaw. Wafanyakazi Wakenya wa dawati hilo ndio hubaki. Wao ndio wanaokumbuka nani alileta ripoti yake kwa wakati na nani alitokomea na projekta. Nimeona watu wakimpita yule dada wa dawati bila hata kumjulia hali, wakimkimbilia balozi kupeana mkono na kupiga picha. Salamu yenye maana ilikuwa ile waliyoiruka.

Tatu, ruzuku nyingi hazimpi mtu binafsi. Hupewa chombo: chuo, shule, chama cha walimu, kikundi kilichosajiliwa chenye akaunti ya benki kwa jina lake. Hili lilitulazimisha tuunde chama, tuandike katiba, tumchague mweka hazina. Tulimpa kazi hiyo mama mmoja mstaafu wa benki aliyekuja kujifunza Kijapani ili aongee na mjukuu wake aliyezaliwa Nagoya. Sidhani kama tumewahi kufanya uamuzi bora kuliko huo. Kijapani chake bado kiko kwenye salamu, lakini hakuna shilingi inayotoka bila karatasi.

Na karatasi ndiyo habari yenyewe. Pesa za umma wa Japani hutolewa maelezo hadi senti, kwa risiti, na ripoti ya mwisho husomwa kweli, mtu anakuandikia kuuliza kwa nini idadi ya chupa za maji haiwiani na idadi ya washiriki. Sasa jaribu kuendesha semina ya walimu Nairobi kwa risiti. Nilimfuata mama anayetupikia chai ya saa nne.

"Mama, nisaidie na risiti."

"Risiti ya mandazi, mwalimu? Kwani nimekuuzia friji?"

Tulimnunulia kitabu cha risiti na muhuri. Siku hizi anautumia na kwa wateja wengine, na M-Pesa imetupunguzia nusu ya maumivu ya kichwa kwa sababu kila malipo yanaacha alama. Lakini kitu kisichoandikika, kama bodaboda aliyeleta vipaza sauti usiku, usikiweke kabisa kwenye hesabu za mfadhili. Kilipe kutoka mfuko wa chama. Ruzuku za Japan Foundation mara nyingi hulipia sehemu tu ya gharama, hivyo mfuko wa chama utahitajika kwa vyovyote vile.

Watu huniuliza ni shughuli gani iliyofana kuliko zote. Haikuwa ya vitabu. Ilikuwa usiku wa rakugo.

Rakugo ni sanaa ya msimulizi mmoja, kapiga magoti juu ya mto, ana upepeo wa kukunja na kitambaa cha mkono tu, na kwa kugeuza kichwa kulia na kushoto anakuwa watu wote wa kisa. Japan Foundation ina ruzuku ya kuwasaidia wasanii wa Japani wanaosafiri kutumbuiza nje, na maombi huandikwa kutoka kwao. Msimulizi aliyetujia na kundi lake walisaidiwa nauli namna hiyo. Ukumbi, jukwaa, taa, chakula na ukalimani vilikuwa juu yetu. Kulikuwa na pendekezo tuufanyie kwenye hoteli, chumba cha mikutano, watu kwa kadi. Nimekwisha kuhudhuria maonyesho mengi ya namna hiyo, maua ya ikebana chini ya kiyoyozi, na wanaokuja ni walewale kila mara, mabalozi, wake za mabalozi, na sisi walimu tukisubiri vitafunio. Tukakodi ukumbi wa kijamii Eastlands. Ulijaa akina mama na watoto wao, vijana wa mtaani, wazee waliokuwa wakicheza bao nje wakaona bora waingie.

Kabla hajaanza, nikaita: "Hadithi, hadithi!" Ukumbi mzima ukajibu: "Hadithi njoo!" Msimulizi aliyekuwa ameinama kwa heshima akashtuka, akainua kichwa. Nilipomnong'oneza maana yake alitabasamu, na kisa cha pili akaanza kwa kuita mwenyewe.

Kisa kilichowavunja mbavu ni kile cha kale cha muuza tambi. Mjanja mmoja anakula, kisha analipa sarafu kumi na sita akizihesabu kwa sauti mkononi mwa muuzaji. Akifika nane anauliza, "Hivi ni saa ngapi?" Muuzaji anajibu, "Saa tisa." Mjanja anaendelea, "Kumi, kumi na moja...", na sarafu moja imeliwa. Zuzu mmoja aliyeyaona hayo anajaribu kesho yake, ila amewahi mno. Anafika nane, anauliza saa, anaambiwa nne, naye anaendelea: tano, sita, saba. Wajapani wa zamani walihesabu saa kwa utaratibu wao, na saa nne yao ya usiku iliangukia karibu palepale ilipo saa nne yetu. Ukikitafsiri kwa Kiingereza huna budi kusimama na kufafanua. Eastlands hakikuhitaji ufafanuzi, mama mmoja mwenye kibanda cha mboga alipiga kelele "Ameliwa!" kabla zuzu hajafika kumi.

Kwenye ripoti niliandika idadi ya waliohudhuria na nikaambatisha picha. Kelele ya yule mama haikuwa na mahali pa kuwekwa. Nilikitafuta kisanduku chake.

Mashindano ya hotuba ndiyo shughuli nyingine ninayoitetea kila mwaka. Mtihani mkubwa wa Kijapani, JLPT, ulianza 1984, na tangu 2010 una ngazi tano, N5 ya chini hadi N1 ya juu. Nairobi hufanywa Desemba. Unapima kusoma, sarufi na kusikiliza, na hauna sehemu ya kuzungumza hata kidogo. Kwa hiyo unaweza kukutana na kijana mwenye cheti kizuri ambaye akiulizwa jina anatafuta karatasi na penseli. Hotuba ya dakika chache mbele ya watu, bila kusoma popote, humtoa mtu huko. Huyu anazungumzia bibi yake na ng'ombe, yule anaeleza kwa nini Wakenya huchelewa, na majaji Wajapani wanajikaza wasicheke. Zawadi si kubwa. Ruzuku ya kugharimia ukumbi, vyeti na nauli za washindani wa kaunti za mbali inatosha kabisa, na ni aina ya shughuli ambayo mfadhili anaielewa haraka: ina mwanzo, ina mwisho, ina picha.

Kwa upande wa vitabu, hali imekuwa rahisi kuliko zamani. Tulipoanza, kitabu kimoja kilizunguka darasa zima kwa nakala za kivuli mpaka kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina, zikawa madoa. Leo Irodori, kitabu cha Japan Foundation cha Kijapani cha maisha ya kila siku, kinapakuliwa bure pamoja na sauti zake, na wana jukwaa la kujifunzia mtandaoni linaloitwa Minato. Mwalimu wa Kakamega mwenye simu na bando ana zana ambazo mimi nilizifuata Urawa kwa ndege.

Lakini tazama Irodori inafundisha nini. Kuomba ruhusa kazini, kusoma tangazo la taka, kueleza daktari unapoumwa. Aprili 2019 Japani ilifungua aina mpya ya viza kwa wafanyakazi wenye ujuzi maalumu, kwa sababu wazee ni wengi na mikono haitoshi mashambani, viwandani na kwenye nyumba za kutunzia wazee. Mwaka huohuo Japan Foundation ikaanzisha mtihani mwingine, JFT-Basic, wa kupima kama mtu anaweza kuishi na kufanya kazi huko. Hofu imehama. Zamani walihofia kutoeleweka nje, siku hizi wanahofia nani atamwogesha babu.

Darasani mabadiliko haya yanaonekana waziwazi. Wanaokuja kwa sababu ya katuni za anime bado wapo, Mungu awabariki, wao hawachoki. Wa utalii wamebaki wachache. Wanaoongezeka ni vijana wanaouliza kazi siku ya kwanza, wengine wakiwa wameshalipa wakala aliyewaahidi viza baada ya miezi mitatu ya masomo. Siku hizi naanza muhula kwa kueleza ni mitihani gani inayotakiwa, inafanyika wapi, na kwamba hakuna ruzuku ya utamaduni inayompa mtu kazi. Wachache huondoka siku hiyohiyo. Heri waondoke wakiwa na pesa zao.

Agosti 2025 tulishuhudia upande mwingine wa jambo hili. Kwenye TICAD ya tisa, Yokohama, JICA ilitangaza kuziunganisha nchi nne za Afrika na miji minne ya Japani kwa jina la "mji wa nyumbani": Tanzania na Nagai, Nigeria na Kisarazu, Ghana na Sanjo, Msumbiji na Imabari. Kwa Nagai halikuwa jambo la kubuni, mji huo wa Yamagata ulikuwa mwenyeji wa Tanzania wakati wa Olimpiki ya Tokyo. Ukazuka uvumi mtandaoni kwamba miji inagawiwa Waafrika, kwamba kuna viza maalumu. Ofisi za miji hiyo zikazidiwa na simu na barua pepe za malalamiko. Serikali ikakanusha, haikusaidia, na mwezi uliofuata JICA ikaufuta mpango wote.

Wanafunzi wangu walikuwa wakisoma maoni yale kwa Kijapani, kwa bidii yao wenyewe, wakiangalia kamusi neno moja moja. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, hawa ndio tunaowasomea?" Nilimwambia ndiyo, ni hawa, na ni wale pia wa Nagai waliokuwa wenyeji wa Tanzania, na wale wa Osaka ambako chuo kikuu kinafundisha Kiswahili kama fani ya shahada kwa pesa za Wajapani wenyewe. Nimewahi kumpokea mhitimu wa huko hapa Nairobi. Kiswahili chake sanifu kiliwatoa jasho wanafunzi wangu, akasema "ninaomba radhi" pale wao walikuwa wakisema "pole". Mwanafunzi hakuridhika sana na jibu langu, na simlaumu. Tuliyachukua yale maoni, tukayafanya somo la sarufi ya kukanusha.

Tangu hapo chama chetu kina utaratibu mmoja ambao mweka hazina hakubali kuulegeza. Karo za wanafunzi hulipa kodi ya chumba, umeme na walimu. Ruzuku hulipia vitu vinavyokwisha: mashindano, semina, mgeni, rafu ya vitabu. Hakuna mshahara wa kudumu unaotegemea Tokyo, hata mwaka ambao Tokyo ni mkarimu. Tumewahi kunyimwa, na Jumamosi iliyofuata darasa likaendelea saa tatu asubuhi, tofauti tu ikawa hapakuwa na vyeti vya kung'aa.

Fomu ya mwaka huu iko mezani kwangu. Tunaomba nauli za washindani kutoka Kisumu, Eldoret na Mombasa, na sehemu ya ukumbi. Yule mama mstaafu amekwisha kuipitia bajeti mara mbili na ameirudisha na alama nyekundu kwenye kifungu cha chai, anataka nukuu ya bei yenye muhuri. Kesho alfajiri nitampitia mama wa mandazi.